Unabadilisha kamshafti? Haidroliki, solidi, flati au rola, soma hii kabla hujanunua lifta

Mtu akishaamua kuweka kamshafti kubwa, ile shafti yenye nundu zinazofungua valvu, akili yote inahamia kwenye namba za kamshafti yenyewe, digrii ngapi (muda wa valvu kukaa wazi), mnyanyuo milimita ngapi, itaanza kuvuta RPM ngapi (mizunguko kwa dakika), alafu lifta zinakuja kukumbukwa hedi ishashushwa na fundi anauliza "tunarudishia hizi hizi?" Jibu la hilo swali lilitakiwa liwepo kabla kamshafti haijalipiwa. Nundu za kamshafti zinachongwa kwa ajili ya aina fulani ya lifta, sio kwa lifta yoyote itakayokutwa mle ndani, kwa hiyo mi nahesabu kamshafti na lifta kuwa ununuzi mmoja. Ukichagua moja umeshachagua na nyingine, ujue usijue.

Tuelewane kwanza. Lifta, au tapeti kama wengi tulivyozoea kuita, ni kile kipande kinachopokea mwendo kutoka kwenye nundu ya kamshafti. Kwenye injini za pushirodi, ambazo kamshafti iko ndani ya bloku kama V8 za Chevrolet, lifta inasukuma pushirodi, pushirodi inasukuma roka, roka ndo inafungua valvu. Kwenye injini za kamshafti ya juu mara nyingi lifta ni kikombe kilichofunika springi na ncha ya valvu, nundu inakikandamiza moja kwa moja, ama kuna roka au kidole katikati na lifta imekaa upande mmoja kama egemeo. Hii tofauti ishike maana roka ya pushirodi inazidisha mwendo. Nundu ya milimita 8 na roka yenye uwiano wa 1.5 inakupa milimita 12 kwenye valvu, wakati kikombe kinatoa kile kile kilichoingia.

Haidroliki na solidi

Hapa ndo pa kuanzia kabla ya kingine chochote.

Lifta ya haidroliki ndani yake ina plunja, springi ndogo na kigololi kinachofungua na kuziba njia ya oili. Valvu ikiwa imefunga, oili inaingia chini ya plunja na plunja inapanda mpaka nafasi yote inaisha, nundu ikianza kunyanyua kigololi kinaziba, oili inabaki imebanwa mle ndani na lifta inafanya kazi kama kipande kizima. Gepu inakuwa sifuri injini ikiwa baridi na ikiwa moto, valvu ikiliwa kidogo kwenye siti lifta inajirekebisha yenyewe, hufungui kava wala hushiki fila geji. Cadillac waliweka mfumo wa kujirekebisha kwa oili kwenye V16 yao ya mwaka 1930 kwa sababu walitaka injini isiyopiga kelele, na utulivu mpaka leo ni sifa yake kubwa.

Solidi ni chuma tu, haina kitu ndani. Lazima uache gepu kwa sababu vyuma vikipata moto vinatanuka, ukibana kabisa valvu haitafunga vizuri na valvu isiyokaa kwenye siti haipoi, inaungua. Injini nyingi za kamshafti ya juu zinaachiwa kama milimita 0.15 hadi 0.35 kutegemea ni valvu ya hewa au ya ekzosi, na kamshafti za mashindano kwenye V8 za pushirodi unakuta 0.4 hadi 0.6. Hiyo gepu ndo sauti ya cherehani unayoisikia kwenye injini yenye solidi, ni ya kawaida kabisa, na ikinyamaza ghafla kwenye silinda moja ndo wakati wa kuwa na wasiwasi.

Sasa kwa nini mtu aache starehe ya haidroliki? Sababu ni RPM. Injini ikizunguka haraka kuliko springi za valvu zinavyoweza kuhimili, valvu inapeperuka, yaani inaacha kufuata nundu, na kwa sekunde ndogo sana inatokea nafasi kati ya vipande. Solidi ikikutana na hiyo nafasi inagonga na maisha yanaendelea, sio kitu kizuri lakini valvu itafunga. Haidroliki inaona nafasi, inafanya kazi iliyofundishwa, inajaa oili zaidi na kurefuka, na ikishajaa hivyo valvu inabaki imeshikiliwa wazi kidogo. Nguvu inakatika pale pale, injini inakohoa kama imefika kwenye limita wakati limita bado iko mbali. Na kuna kinyume chake pia, ukiweka springi ngumu sana juu ya haidroliki ya kawaida zinaikamua oili itoke pembeni ya plunja, lifta inazama kidogo kila nundu inaponyanyua, na ile milimita uliyolipia kwenye kamshafti haifiki kwenye valvu.

Ile kauli kwamba haidroliki mwisho wake ni RPM 6,500 naisikia kila mahali na naona inapotosha. Kwa lifta za zamani za flati (za uso bapa) na springi za zamani ilikuwa karibu na ukweli. Lakini LS7 ya Chevrolet, lita 7.0, ilitoka kiwandani na lifta za rola (zenye gurudumu) za haidroliki na laini nyekundu, yaani kikomo cha kiwandani, iko RPM 7,000, na ilikuwa na waranti kama gari nyingine. Kinachoamua ni uzito wa vipande vyote vinavyorukaruka, ugumu wa springi na jinsi nundu ilivyochongwa kwa ulaini. Kama injini yako itaishi chini ya 7,000 na ni gari ya kwenda kazini na kurudi, sioni faida utakayoipata kwenye solidi ambayo inalingana na kuadjasti tapeti maisha yako yote.

Ukipita 7,500 na kuendelea hapo mazungumzo yanabadilika. RB26DETT ya Nissan ilipewa vikombe vya solidi tangu kiwandani na laini nyekundu 8,000, wakati ndugu yake RB25DET wa matoleo ya mwanzo akapewa haidroliki, na ndo maana wanaojenga RB25 ya RPM nyingi wengi wanahamia solidi. Honda F20C ya S2000 ilipanda mpaka 9,000 na gepu zake zinarekebishwa kwa skrubu kwenye roka, hakuna oili ya kujirekebisha pale.

Usichanganye kamshafti ya huyu na lifta ya yule

Hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo penye hasara nyingi. Kamshafti ya solidi ina mteremko mrefu mwanzoni mwa nundu, kazi yake ni kumaliza ile gepu polepole kabla valvu haijaguswa. Ukiweka haidroliki juu yake hakuna gepu ya kumaliza, kwa hiyo mteremko wote unakuwa ni valvu kuachia siti, mapema mno na kwa muda mrefu mno, sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta) inakuwa ya hovyo, kompresheni inavuja na injini haina nguvu chini. Ukifanya kinyume, solidi juu ya kamshafti ya haidroliki, ule mteremko ni mfupi na gepu inaumaliza wote, valvu inafunguliwa kwa kishindo na inarudishwa kwenye siti kwa kishindo. Kuna watu wanafanya hivyo kwa kuacha gepu ndogo sana na inatembea, siwakatalii, ila kama unalipia kamshafti mpya kabisa hakuna sababu ya kuanza na mkataba mbovu namna hiyo, nunua iliyochongwa kwa ajili ya solidi.

Na ukilinganisha namba za kamshafti mbili kumbuka gepu inakatwa kwenye mnyanyuo. Nundu ya milimita 10.0 kwenye kikombe cha solidi chenye gepu ya 0.25 inakupa 9.75, na ile V8 ya milimita 12 ukiweka gepu ya 0.5 unabaki na 11.5. Muda wa valvu kukaa wazi nao unapungua, ndo maana kamshafti ya solidi yenye digrii nyingi kwenye karatasi inaweza kuwa na tabia ya upole kuliko ya haidroliki yenye digrii chache zaidi. Faida yake ni kwamba unaweza kucheza nayo kidogo, ukibana gepu injini inajiona ina kamshafti kubwa kidogo, ukiachia inajiona ina ndogo, na wanaojua wanatumia hilo kujua injini inataka nini kabla ya kununua kamshafti nyingine.

Flati na rola, hii ni ya watu wa pushirodi zaidi

Lifta ya flati inaonekana bapa chini lakini sio bapa, ina uvimbe mdogo sana, na nundu nayo imechongwa kwa mshazari kidogo, hivyo kila nundu ikipita inaizungusha lifta kwenye tundu lake. Kuzunguka huko ndo uhai wake. Ikiacha kuzunguka sehemu ile ile inasuguliwa, nundu inaliwa mpaka inakuwa duara, na unga wa chuma unasambaa injini nzima.

Rola ina gurudumu dogo linaloviringika juu ya nundu kwa hiyo haitakiwi kuzunguka kabisa, inashikwa na kiungio kinachounganisha lifta mbili au na fremu maalum, kwenye LS, familia ya V8 za Chevrolet yenye ile LS7, ni zile trei za plastiki. Ford waliweka rola kwenye Mustang 5.0 mwaka 1985 na Chevrolet kwenye smoli bloku yao mwaka 1987, na tangu hapo V8 za pushirodi zikahamia huko taratibu.

Flati ni rahisi kununua na ni nyepesi, hizo ni faida za kweli. Ila ina ukuta mmoja ambao hauwezi kuuruka. Kadiri nundu inavyonyanyua kwa kasi ndivyo sehemu inayogusana na lifta inavyokimbilia ukingoni, na ikizidi ukingo wa lifta unachimba nundu. Kwa hiyo kipenyo cha lifta ndo kinaweka kikomo cha kasi ya nundu, Chevrolet wana milimita 21.4, Ford 22.2, Chrysler karibu 23, na ndo sababu kuna kamshafti za flati zilizochongwa kwa ajili ya Chrysler tu ambazo ziko kali kuliko zinazowezekana kwenye Chevrolet. Rola haina huo ukuta, inaweza kufungua valvu haraka, kuiacha wazi kubwa na kuifunga haraka, kwa hiyo kwa digrii zile zile unapata eneo kubwa zaidi la hewa kupita na sailensa bado inabaki tulivu. Hiyo kwangu ndo sababu kubwa ya kwenda rola, kubwa kuliko msuguano.

Alafu kuna suala la kuzoesha, na hapa flati inahitaji nidhamu ambayo sio kila mtu anayo. Kamshafti mpya ya flati inapakwa grisi yake maalum, injini ikiwaka tu inapandishwa moja kwa moja mpaka karibu RPM 2,000 hadi 2,500 na kushikiliwa huko dakika 20 hadi 30 bila kuachiwa sailensa, kwa sababu nundu nyingi zinapata oili inayorushwa na kranki na kranki ikizunguka polepole hairushi ya kutosha. Kama springi ni mbili mbili unatoa ya ndani wakati wa kuzoesha. Oili nayo iwe na zinki na fosforasi ya kutosha, ile ZDDP, maana oili za kisasa za gari dogo zimepunguziwa fosforasi mpaka kama 800 kwa milioni ili isiharibu katalisti, na flati mpya inahitaji zaidi ya hapo. Timing iwe tayari, mafuta yawe tayari, maji yawe tayari, usiwe mtu wa kupiga stata dakika tano ukitafuta timing huku grisi inakwanguliwa kwenye nundu.

Rola haina hayo yote, unawasha, unasikiliza, unaangalia liki, basi. Na kuna hili watu wanapenda kuliuliza: lifta za zamani zinarudi? Flati za zamani kwenye kamshafti mpya HAPANA, kila lifta imeshaoana na nundu yake. Hata ukifungua injini ile ile kwa kazi nyingine ziwekee alama kila moja irudi kwake. Rola za zamani zinaweza kurudi kama gurudumu halina mikwaruzo, halichezi kwa juu na chini, na plunja inarudi vizuri ikibonyezwa. Ila kwenye LS kubadilisha lifta ni mpaka ushushe hedi, kwa hiyo kama hedi ziko mezani na lifta zimeshatembea sana, weka mpya, gasketi na kazi ya kurudia ni zaidi ya lifta. Kama injini yako ni ile inayozima baadhi ya silinda kuokoa mafuta, lifta zake maalum zinatoka zote zinaingia za kawaida, kamshafti nyingi za kuongeza nguvu hazijachongwa kwa ajili yake na komputa inabidi iambiwe pia.

Kuhama kutoka flati kwenda rola kuna gharama ambazo hazipo kwenye boksi la kamshafti. Nundu ya flati ule mshazari wake unaivuta kamshafti kurudi nyuma, ya rola haina mshazari, kamshafti inatembea mbele na nyuma inavyotaka na timing inatembea nayo, kwa hiyo unahitaji sahani ya kuizuia au kitufe cha mbele. Pushirodi zinakuwa fupi kwa sababu lifta ya rola ni ndefu. Kama kamshafti ni ya feleji iliyochongwa kutoka kipande kizima, gia ya distribyuta ya chuma cha kumimina italiwa, inatakiwa ya shaba nyeusi au ya chuma kilichotibiwa kwa ajili hiyo, uliza aliyetengeneza kamshafti anataka ipi. Springi pia zinabadilika maana rola ni nzito. Flati ya haidroliki inaridhika na springi yenye nguvu ya pauni 100 hadi 120 valvu ikiwa imefunga, rola ya haidroliki inataka kama 120 hadi 150.

Rola ya solidi naisema kwa ufupi kwa sababu wengi haiwahusu. Ndo kali kuliko zote, springi zake zinaanzia pauni 200 valvu ikiwa imefunga na kuvuka 600 ikiwa wazi, na adui yake ni sailensa, foleni, kutembea polepole, kwa sababu gepu inagonga gurudumu muda wote na beringi zake za sindano hazipati oili ya kutosha. Zipo zinazosukumiwa oili kwa presha mpaka kwenye ekseli, na zipo zenye bushi badala ya sindano, na kama utaitumia barabarani tafuta hizo. Ila bado ni kitu cha kukaguliwa mara kwa mara na kubadilishwa kabla hakijavunjika, kikivunjika kinaondoka na bloku.

Vikombe: shimu juu, shimu chini, au bila shimu

Sasa watu wa kamshafti ya juu. Kwenye vikombe vya solidi gepu inarekebishwa kwa kisahani kinachoitwa shimu, na swali ni kisahani kimekaa wapi.

Shimu ya juu inakaa juu ya kikombe na nundu inaigusa moja kwa moja. Toyota 4A-GE ya valvu 16 iko hivyo, na 2JZ-GTE isiyo na VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha timing ya valvu) iko hivyo. Kwa matengenezo hakuna kitu kitamu kama hicho, kuna kifaa cha kukandamiza kikombe, unachomoa shimu, unaweka nyingine, kamshafti haijaguswa. Ila ukumbuke ile habari ya mguso kukimbilia ukingoni, iko hapa pia, na hapa eneo lililobaki ni dogo kwa sababu shimu ni ndogo kuliko kikombe chenyewe. Kamshafti kali na RPM za juu, valvu ikipeperuka hata mara moja, nundu inakamata ukingo wa shimu na kuirusha nje, na shimu iliyoruka ndani ya kava inatafuta cha kuvunja. Kwa kamshafti ya wastani na limita ya kiwandani watu wanaendelea nazo bila tatizo na mi sioni ubaya. Kwa mnyanyuo mkubwa na limita iliyosogezwa mbele, toa.

Shimu ya chini ni kidonge kidogo kinachokaa juu ya ncha ya valvu, ndani ya kikombe. Hakiwezi kuruka kwa sababu kimefunikwa, ni chepesi, na nundu inapata uso wote wa kikombe. RB26 iko hivi. Ubaya wake ni mmoja lakini unachosha, kurekebisha gepu lazima kamshafti zitoke, upime zote, uandike, utoe kamshafti, ubadilishe, urudishe, upime tena. Hesabu yenyewe ni nyepesi: unene wa shimu mpya ni unene wa zamani, jumlisha gepu uliyopima, toa gepu unayotaka. Umepima 0.35, unataka 0.25, shimu iliyopo ni 2.60, basi unaweka 2.70. Andika kila valvu kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Kikombe bila shimu ndo chepesi kuliko vyote na hakina kipande cha pili cha kwenda popote, unene wa kikombe chenyewe ndo shimu, vinauzwa kwa hatua ndogo ndogo. Toyota na Subaru walikwenda huko kwenye injini nyingi za baadaye. Tatizo ni mfuko, kila ukikosea kipimo unanunua kikombe kizima, na kwenye injini ya valvu 24 hiyo sio mzaha. Kwa injini ya mashindano ningeenda huku au shimu ya chini, na kati ya hizo mbili mi nachagua shimu ya chini kwa sababu vidonge ni rahisi kupata na fundi yeyote mwenye maikromita anaweza kumaliza kazi.

Vikombe vya haidroliki, kama vya BMW M50, ni vizito kwa sababu ya plunja na oili iliyomo ndani. Kamshafti za barabarani zenye mnyanyuo uliozidi kidogo ule wa kiwandani zinakaa vizuri tu, badilisha springi na uheshimu limita. Ukitaka kwenda mbali kuna seti za kuhamia solidi, lakini hiyo ni vikombe vipya, shimu, kamshafti nyingine, springi, yaani ni mradi mwingine kabisa.

Kuna kundi la roka zenye lifta ndogo ya haidroliki kama egemeo, SR20DET ya Nissan na 4G63 ya Mitsubishi. Hizi zinataka utulize roho. Kwenye SR20 ukizidisha RPM valvu ikapeperuka, roka inaruka kutoka mahali pake, hilo linajulikana, na watu wanaweka vizuizi vya roka au wanahamia egemeo za solidi. Kwenye 4G63 kelele ya tik tik ni ugonjwa wa zamani, mara nyingi ni hewa na uchafu ndani ya lifta, na zile za toleo la baadaye zenye tundu kubwa la oili zimesaidia wengi. Ukibaki na haidroliki kwenye hizi injini pesa yako ipeleke kwenye springi na oili safi kwanza.

Vitu vya kupima kabla hujafunga, lifta yoyote ile

Kamshafti iliyochongwa upya kutoka ile ya zamani inakuwa na duara (ile sehemu ya mviringo isiyonyanyua valvu) dogo kuliko la kiwandani, kwa hiyo nafasi kati yake na lifta inaongezeka. Solidi unafidia kwa shimu nene. Haidroliki inafidia yenyewe lakini plunja ina mwisho wake, ikiishiwa safari itapiga kelele milele na hakuna oili itakayoiponya, basi uliza duara limepungua kiasi gani kabla hujalipa.

Kwenye pushirodi za haidroliki kuna prelodi, yaani plunja ikandamizwe kidogo ikiwa imekaa. Roka za skrubu mara nyingi ni nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja baada ya nafasi kuisha, za LS hazina skrubu kwa hiyo unapima na kununua pushirodi za urefu sahihi. Watu wanaruka hapa halafu wanalaumu lifta.

Pima nafasi ya valvu na pistoni. Angalau milimita 2.0 kwa valvu ya hewa na 2.5 kwa ya ekzosi ndo kiwango wanachotumia wengi. Usipime ukiwa na haidroliki yenye springi kali kwa sababu plunja itazama na kukudanganya kwamba nafasi ipo, tumia lifta ya solidi ya kupimia au springi laini. Angalia pia kofia ya springi isigonge sili ya valvu na springi isibanwe mpaka koili zigusane, acha kama milimita 1.5 kila sehemu. Kwenye vikombe zungusha kamshafti kwa mkono uone ncha ya nundu haigusi hedi pembeni ya tundu, kamshafti za mnyanyuo mkubwa mara nyingi zinahitaji kukwanguliwa hapo kidogo.

Gepu ya solidi kama karatasi inasema ni ya moto, usiiweke hivyo hivyo injini ikiwa baridi. Kwenye pushirodi zenye bloku ya chuma na hedi za aluminiamu gepu inaongezeka injini ikipata moto kwa sababu hedi inapanda, basi ukiwa baridi unaanza na pungufu ya kama 0.15, na kama bloku nayo ni aluminiamu pungufu inafika 0.30. Baada ya injini kupata moto unarudi kupima tena.

Na ukifunga haidroliki mpya kwenye injini ya kamshafti ya juu usikimbilie stata. Lifta zikiwa zimejaa zinaweza kushikilia valvu wazi na pistoni ikaja kuzikuta, Volkswagen kwa injini zao za haidroliki wanaelekeza kusubiri kama dakika 30 baada ya kufunga kamshafti ili lifta zitulie. Baada ya hapo zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili kwa spana, polepole, na ukikuta inagoma mahali usilazimishe, simama utafute kinachogusa.